Jibu: Kupima hatari za ghala la gesi bila kumlipa mtaalamu kwanza

Ndugu yangu, umeuliza utapimaje hatari za ghala lako la mitungi ya gesi hapo Uyole, Mbeya, kwa njia rahisi. Inawezekana, ila fanya pamoja na vijana wanaobeba mitungi, maana wao wanajua koki ipi inavuja.

Tembeeni ghala zima mkijiuliza, "itakuwaje kama…?" Mtungi ukidondoka? Fundi akichomelea geti la jirani? Kila jibu lipeni alama mbili, 1 hadi 5: uwezekano wa kutokea, na ukubwa wa madhara. Zidisheni alama hizo mbili. Hatari yenye zao kubwa ishughulikiwe kwanza.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mlipuko wenye uwezekano 1 na madhara 5 unapata 5, sawasawa na mikwaruzo ya vidole ya kila siku yenye uwezekano 5 na madhara 1! Kwa hiyo chochote chenye madhara 5 kitengeni pembeni, mkijadili bila kujali zao lake.

Halafu tazama mitaro. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, na lita 1 ya kimiminika hutoa takriban lita 250 za gesi. Asubuhi zetu za baridi, upepo umetulia, inatambaa chini hadi kwenye jiko la mama lishe. Ikifika kama asilimia 2 hewani, cheche moja inatosha. Mlango wa ghala usielekee mtaroni, na matundu ya hewa yawe chini ukutani, siyo juu tu.

Usajili wa OSHA, mamlaka ya usalama na afya mahali pa kazi, uko palepale; karatasi yenu ya alama haiuondoi.