Baba na Mama Wawe na Jibu Moja

Dada mmoja ameniandikia wiki hii, na ujumbe wake umenikosesha usingizi. Mwanawe akinyimwa kitu na mama huenda kwa baba, naye hupewa. Akikemewa na baba hukimbilia kwa mama, na mama humfuta machozi huku akimsema baba. Anauliza amrudi vipi mtoto huyo. Dada yangu, kwa upendo nakuambia: anzia kwenye ndoa yako.

Msomeni Isaka na Rebeka. Isaka alioa akiwa na miaka 40. Mkewe alikuwa tasa, akamwombea kwa BWANA, na mapacha walipozaliwa yeye alikuwa na miaka 60. Miaka 20 ya kungoja! Halafu sura hiyohiyo, Mwanzo 25, mstari wa 28, inatuambia Isaka alimpenda Esau, Rebeka akampenda Yakobo. Nyumba ilipasukia hapo, zamani kabla ya ile hila ya baraka katika sura ya 27, Yakobo alipojifanya Esau ili abarikiwe na baba yake. Esau alipokusudia kumwua nduguye, Rebeka alimtuma Yakobo Harani kwa Labani, kaka yake, akakae "siku chache". Yakobo alikaa kwa Labani miaka 20, na hakuna mahali Maandiko yanapotuonyesha kwamba mama yule alimwona tena mwanawe. Mimi ni mama. Habari hiyo huniuma kila niisomapo.

Mimi na mume wangu tulikubaliana kabla mtoto wa kwanza hajaanza kusema: hatutatoa majibu mawili. Mtoto akiomba jambo zito, anaambiwa asubiri. Tunaingia chumbani, tunazungumza, mara nyingine tunabishana sana, tunaomba, tunatoka na neno moja. Mume wangu akishaamua mbele yao nami sikubaliani, nanyamaza mpaka tuwe peke yetu. Naye hunifanyia vivyo hivyo. Hili nalisisitiza, maana wapo wanaotaka mke peke yake ndiye anyamaze.

Tulisemwa. Ndugu walidai nimempanda mume wangu kichwani. Mtu mwenye heshima kanisani alimwambia mbele ya wenzake kwamba mwanaume haombi ruhusa nyumbani kwake. Mume wangu hakumjibu. Nimesamehe, lakini maneno yale bado yananichoma.

Leo namshukuru Mungu. Hivi karibuni kijana wetu mkubwa alivutwa pabaya na marafiki. Alikuja mwenyewe, akatuketisha wote wawili, akasema yote. Hakutafuta wa kumwambia na wa kumficha.

Wazazi, acheni kushindania mapenzi ya watoto! Baba, Petro anakuagiza umpe mkeo heshima, kuomba kwenu kusije kukazuiliwa (1 Petro 3:7). Utamdharauje sebuleni, kisha uongoze ibada ya familia? Na mama, unapomsema baba mbele ya wanawe, unawafundisha kuivunja amri ya kuwaheshimu wazazi, kisha unashangaa wanapokudharau na wewe. Kubalianeni. Ombeni pamoja. Kubalianeni tena.

Nawe dada uliyeniandikia, usimkabili mumeo mtoto akiwa macho. Subiri alale. Usianze na makosa ya baba yake. Muulize mumeo ni jambo gani moja angependa mlikubali kwanza, liwe muda wa kulala au matumizi ya simu. Liombeeni hilo moja. Mtoto akija kesho kwa baba na ombi lake, baba aanze kwa kumuuliza mama amesemaje.