Nati ya Spoketi Ikigoma, Usivue Cheni

Juzi ndugu yangu mmoja wa Mbagala ameniandikia kuhusu pikipiki yake: "Kaka, nati ya spoketi ndogo imegoma. Nimesimama juu ya spana mpaka imepinda. Cheni nimeshavua. Nifanyeje?" Spoketi ndogo ni ile gia ya meno kwenye injini inayozungusha cheni. Lile neno "nimeshavua" nililisoma mara mbili. Mimi niliharibikiwa hapohapo.

Miaka mitatu iliyopita nilinunua pikipiki ya zamani kwa jirani, hapa Kigamboni. Meno ya spoketi yalikuwa yamelika hadi yamechongoka kama miiba. Nikafuata seti nzima Kariakoo, cheni na spoketi zote mbili, nikaihesabu kazi ya saa moja. Nikavua cheni, nikatoa na gurudumu la nyuma, ndipo nikaigeukia nati. Kila nikivuta spana, shafti, ule mhimili wa injini unaobeba spoketi, nayo inazunguka. Nikachomeka bisibisi kubwa kati ya jino la spoketi na bodi ya injini ili izuie, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Ukasikika mlio mkavu, kama kifuu kinapasuliwa. Nati haikusogea. Bodi ya alumini ilikuwa na ufa wa urefu wa kidole, na oili ikaanza kudondoka tone moja moja sakafuni.

Fundi niliyempelekea aliutazama ule ufa, akawageukia vijana wake: "Haya ndiyo mambo ya watu wa ofisini." Mimi hakunisemesha. Injini ikashushwa, bodi ikavushwa kwa pantoni kwenda kuchomelewa mjini, nikalipa zaidi ya bei ya seti ile. Hela nimeshaisahau. Yale maneno bado.

Jumamosi hii nimebadilisha spoketi tena, mimi na mdogo wangu, na nati imeachia kwa mvuto mmoja. Kwa hiyo nisikilizeni.

Nati inafunguliwa cheni ikiwa mahali pake. Breki ya nyuma inashika gurudumu, gurudumu linashika cheni, cheni inashika spoketi. Mdogo wangu alikaa kwenye siti akakanyaga breki kwa uzito wake wote. Tairi la mbele tuliliegemeza ukutani, maana spoketi ikiwa upande wa kushoto, kufungua nati kunaisukuma pikipiki mbele.

Kabla ya hapo, shughulikia ile washa, kibati chembamba kilicho chini ya nati. Ukingo wake umekunjwa juu ya nati ili isijifungue. Ilaze kwa tindo nyembamba mpaka ilale kabisa. Ikibaki imeinuka hata kidogo, unapigana na chuma, si kutu. Kutu yetu huku karibu na bahari ina chumvi. Nilisugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, nikapuliza WD-40, dawa ya kulegeza kutu, magharibi, nikarudia baada ya isha, nikaacha mpaka alfajiri. Ndugu zangu, tuna papara sana. Mtu anapuliza na dakika hiyohiyo kashika spana, halafu anailaumu dawa!

Spana iwe boksi ya kona sita. Ile ya kona kumi na mbili inashika pembe tu, ikiteleza imezilamba zote. Refusha mkono kwa bomba la kama mita moja, uvute polepole. Moto uwe wa mwisho kabisa, kwa sababu nyuma ya spoketi kuna sili ya mpira inayozuia oili isivuje, na ukiiunguza utaanza kufukuzana na oili.

Bodaboda nyingi hazina nati hii. Spoketi imeshikwa na kibati chenye bolti mbili ndogo, spana namba 10. Bolti hizo zimeingia kwenye spoketi yenyewe, si kwenye shafti, kwa hiyo kichwa kikikatika usihangaike. Spoketi hiyo unaitupa hata hivyo.

Ndugu yangu wa Mbagala, rudisha gurudumu, rudisha cheni, hata hiyo kuukuu. Puliza dawa leo jioni, tafuta mtu mzito wa kukukanyagia breki kesho asubuhi. Ikigoma tena niandikie, kabla hujashika bisibisi.