Mbunge wa Miaka 44 Kitini: Namna ya Kumtumia, na Namna ya Kumng'oa

Wakenya tulio Minnesota tunafuata siasa za aina mbili: za nyumbani na za Washington. Usiku tunabishana kwenye WhatsApp kuhusu nani anaungana na nani Nairobi, asubuhi tunaamkia habari za rais wa Marekani. Katikati hapo limesahaulika jengo moja lenye kuba nyeupe na farasi wa dhahabu juu yake, pale St. Paul: Bunge la jimbo letu. Humo ndimo mwaka 2023 sheria iliporuhusu tena watu wasio na makaratasi kupata leseni ya kuendesha gari, baada ya kufungiwa mlango kwa miaka 20. Mwaka huohuo humo humo ikaundwa bodi ya kuweka viwango vya kazi kwenye nyumba za wazee, na sote tunajua ni Wakenya wangapi wanaokesha katika nyumba hizo.

Bunge la jimbo lina wabunge 134 na maseneta 67. Mbunge mmoja na seneta mmoja ni wako, na pengine mmojawapo amekaa pale tangu kabla hujazaliwa. Nimeishi miaka mingi Cedar-Riverside, upande wa Minneapolis wenye yale maghorofa marefu ya rangi rangi, ambako mbunge wetu alikuwa wa namna hiyo. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa nimeyaona kwa karibu.

Mbunge huyo, Phyllis Kahn, alichaguliwa Novemba 1972 akaapishwa Januari 1973. Alitoka kitini Januari 2017. Wabunge wa Minnesota huchaguliwa kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo miaka 44 maana yake ni kushinda uchaguzi mara 22 mfululizo. Hakuwa mtu wa siasa za kurithi. Alizaliwa Brooklyn, akasoma fizikia Cornell, akachukua uzamivu wa biofizikia Yale, akaja kufanya utafiti Chuo Kikuu cha Minnesota. Aliingia bungeni mwaka ambao wanawake sita walishinda viti vya Bunge hilo, na kabla yake alikuwamo mmoja tu.

Sheria iliyompa jina ni ya mwaka 1975, ya hewa safi ndani ya majengo. Minnesota ikawa jimbo la kwanza Marekani kulazimisha mahali pa umma pawe na sehemu ya wasiovuta sigara. Leo ukiambiwa zamani watu walivuta ndani ya hospitali na ofisi za serikali utadhani ni hadithi. Lakini angalia jambo hili: sheria ile haikupiga marufuku sigara kwenye mikahawa na baa. Marufuku kamili ilikuja mwaka 2007, miaka 32 baadaye, na Kahn alikuwa bado kitini.

Hapo ndipo penye faida ya mbunge mkongwe, na ndipo wengi wetu tunapokosea kumpima. Tunahesabu miaka yake kama tunavyohesabu ya mbunge wa nyumbani: barabara ngapi, mabomba mangapi, bursari kwa nani. Huku mbunge hana mfuko wa maendeleo ya eneobunge (CDF) wa kugawa. Hata mshahara wenyewe, kuanzia 1999 hadi 2017, ulikuwa kama dola 31,000 kwa mwaka, na muuguzi wa zamu za usiku alimpita kwa mbali. Alichonacho mkongwe ni kumbukumbu. Anajua mswada wako uliwahi kuletwa, ukafia kamati gani, nani aliukalia na kwa nini. Anajua nani wa chama kile kingine ana mama kwenye nyumba ya wazee na hivyo atasikiliza. Mbunge mpya, hata awe na moyo gani, maarifa hayo huyapata polepole.

Basi ukimwendea, usimwombe msaada kwa jumla. Muulize maswali ambayo mkongwe pekee anaweza kuyajibu: jambo hili lilijaribiwa lini, lilikwama wapi, niende kwa nani mwingine? Taja mtaa wako mapema kabisa, maana kitu cha kwanza kinachoangaliwa ofisini ni kama wewe ni wa eneobunge lake. Na mheshimu msaidizi wake. Huyo ndiye anayepanga ratiba na ndiye anayekumbuka jina lako. Sisi tuliozoea kutafuta mkubwa mwenyewe tunampita msaidizi kama tarishi, halafu tunashangaa simu hazirudi.

Wakati nao una maana yake. Bunge hufunguliwa Januari au Februari na lazima lifungwe mwezi Mei. Ukienda Aprili unakuta kila mtu anakimbia, kamati zimeshafunga milango kwa miswada mipya. Nenda vuli, majani yakidondoka, wakati mbunge amerudi mtaani na ana nafasi ya chai. Mimi na wenzangu wa kazini tulipotaka kusema habari za mishahara ya wahudumu tulianza mazungumzo Oktoba. Mwaka mpya ulipoingia na kamati ikaketi, majina yetu yalikuwa tayari kwenye orodha ya watoa ushahidi. Kila mtu alipewa dakika mbili. Dakika mbili ni chache kuliko salamu za Mombasa, kwa hiyo anza na jambo lako, salamu utazitoa koridoni.

Haya yote hayahitaji uraia. Kuongea na mbunge na kutoa ushahidi mbele ya kamati kunaruhusiwa hata kama una green card tu. Kupiga kura ndiko kunakohitaji uraia, na hapa nasema kwa herufi kubwa moyoni: kama hujawa raia, usitie sahihi fomu ya kujiandikisha kupiga kura, hata akupe mtu mwenye tabasamu mlangoni pa duka. Kesi ya uhamiaji inayotokana na sahihi hiyo inaweza kukutoa nchi hii.

Sasa upande wa pili, kwa wale ambao mbunge wao mkongwe amechoka, au mtaa umebadilika na yeye hakubadilika nao. Eneobunge la Kahn, ambalo baadaye liliitwa 60B, lilijaa wanafunzi na walimu wa chuo alipoingia. Miaka ikaenda, vita vya Somalia vikaleta watu, na Cedar-Riverside ikawa mtaa ambapo unaweza kununua sambusa, kusali Ijumaa na kuzungumza Kiswahili na mzee aliyeishi Dadaab au Eastleigh bila kutoka nje ya barabara moja. Mwaka 2014 Mohamud Noor alimkabili Kahn kwenye mchujo wa chama cha Democratic, ambacho hapa kinaitwa DFL. Mkutano wa mashinani uliofanyika Brian Coyle, kituo cha jamii cha mtaa wetu, ulivurugika kwa ghasia ukasimamishwa. Noor akashindwa mchujo.

Mwaka 2016 walikuwa watatu: Kahn, Noor na Ilhan Omar, ambaye utotoni aliishi miaka minne kwenye kambi ya wakimbizi ya Utange, kando ya Mombasa. Agosti 9 Omar alishinda. Kura zote za mchujo ule hazikufika 6,000, na yeye alipata kama 2,400. Soma tarakimu hizo tena. Miaka 44 ilimalizwa na watu wanaoweza kuenea kwenye viwanja vichache vya harusi. Novemba, kwenye uchaguzi wenyewe, kazi ilikuwa imeshakwisha, kwa sababu mtaa ule ni wa DFL tangu zamani.

Ndiyo maana nakasirika kidogo ninaposikia mtu akisema "nitapiga kura Novemba". Katika maeneobunge mengi ya mjini, Novemba ni kuthibitisha tu. Kitu chenyewe kinaamuliwa Agosti kwenye mchujo, na kabla ya hapo kwenye vikao vya mashinani vya mwanzoni mwa mwaka wa uchaguzi, katika darasa la shule lenye viti vya watoto, watu ishirini wanachagua wajumbe. DFL humwidhinisha mgombea aliyepata asilimia 60 ya wajumbe. Ukija na majirani zako wanane kwenye chumba kile, wewe ni nguvu kubwa kuliko utakavyowahi kuwa kwenye siasa za Kenya.

Usifikiri pia kwamba ukishindwa mara moja umekwisha. Omar alipochaguliwa mwaka 2018 kwenda Bunge la Washington, kiti cha 60B alikichukua Mohamud Noor, yuleyule aliyeshindwa 2014 na 2016. Alikuwa ameshajulikana milangoni.

Kwa raia wapya, la mwisho ni hili. Minnesota inakuruhusu kujiandikisha siku ileile ya kura, kituoni. Beba leseni yenye anwani ya sasa. Kama umehama juzi na leseni bado ina anwani ya zamani, ongeza bili ya simu au ya umeme yenye anwani mpya. Ukikosa hata hiyo, mpiga kura aliyesajiliwa wa kituo chako anaweza kuapa kwamba anajua unaishi hapo, na anaweza kuwaapia hadi watu wanane. Kwenye maghorofa yetu mtafute mama mmoja anayejua kila mlango, mwombe asiende kupiga kura peke yake.