Fundi wa Mashine za Macho Anajibu: Weka Hiyo Kompresi Chini Kwanza

*Jambo Yaya Fundi. Miye ni anfirmiye (muuguzi) ku santre moja ya afya ya hapa Goma, upande wa Ndosho. Tuko na lampafanti moja tu, ile mashine yenye mgonjwa anaweka kidevu ndo tumuangalie jicho na mwanga mwembamba. Mwezi huu imeunguza ampuli (balbu) tatu, ya mwisho haikumaliza hata wiki. Tena vioo viko na ukungu, tunafuta kila asubuhi na kompresi, kile kitambaa cha kufungia kidonda, yenye alkoli lakini ukungu unazidi tu. Docteri anasema twende tuiweke mu depo tungoje ingine. Kweli imekufa?*

Dada yangu, haijafa, na nakuomba usikubali iende depo, juu mashine yenye inaingia depo hapa kwetu mara nyingi hairudi, inakaa pale panya wanakula waya mpaka inakufa kweli.

Tuanze na ampuli. Ampuli tatu mwezi mmoja, hapo mimi naangalia umeme kwanza. Chukua testeri, pima ku priza asubuhi, pima saa sita, pima tena usiku majirani wakiwa wamezima vitu vyao. Inapaswa kucheza karibu na 220, ukikuta inapanda 240, 250 basi muuaji umeshamupata. Hizi ampuli za halojeni nguvu ikizidi kwa asilimia 5 tu, maisha yake yanashuka karibu nusu. Na kila delestaje, yaani umeme ukikatwa, ukirudi unarudi na kishindo. Kwa hiyo nunueni stabilizateri, kile kisanduku cha kutuliza umeme, na umeme ukikatika chomoa priza, usingoje urudi mashine ikiwa imewashwa. Kingine, kile kifungo cha mwanga: kirudishe chini kabisa mbele ya kuwasha na mbele ya kuzima, na ukimaliza mgonjwa mmoja usiache mwanga juu wakati unaandika fishi. Halafu soma ku ampuli yenyewe na ku mashine, volti na wati vifanane, kama mashine inasema 6V 20W usikubali muuzaji akuambie "hii pia itaenda". Na usiiguse na vidole! Mafuta ya ngozi yanabaki ku kioo cha ampuli, ikipata moto pale penye mafuta panaungua zaidi na inapasuka. Ishike na kitambaa safi, na ile ya zamani ingoje ipoe.

Sasa ukungu, hapa njo naumia roho. Vumbi letu la Goma si udongo, ni jiwe la volkano lililosagwa, ukiliweka ku kiganja na kulisugua na kidole utasikia linakwaruza. Sasa wewe kila asubuhi unachukua kompresi unasugua hilo jiwe juu ya kioo. Baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, watu tulikimbia, tuliporudi nilikuta lampafanti moja dirisha liliachwa wazi, ile vumbi nyeusi imelala juu ya vioo vyote. Mwenzangu alitaka kusaidia, akapitisha kitambaa kikavu mara moja, mara moja tu, tulipomulika tochi tukaona mistari midogo midogo kama nywele, na ile haitoki, hakuna dawa yake. Kama angepuliza kwanza kile kioo kingekuwa kizima mpaka leo.

Fanya hivi. Tafuta ile puari ya mpira yenye watu wanasafishia masikio, mpya na kavu, puliza vumbi litoke. Usipulize na mdomo, mate yanaruka. Ndo uchukue kitambaa cha pamba laini chenye kimefuliwa mara nyingi, weka tone moja la dawa ya kusafisha lensi ku kitambaa, kamwe si ku kioo, zungusha polepole toka katikati kwenda pembeni. Ile alkoli ya santre iko na maji ndani, ikikauka inaacha alama, labda nusu ya ukungu wako ni hiyo.

Lakini kuna kioo kimoja usifute kabisa, kile kidogo chenye kinarudisha mwanga kwa mgonjwa. Kioo cha nyumbani rangi ya fedha iko nyuma, hiki iko mbele, wazi, ukifuta unaitoa. Kipulize tu.

Baada ya hapo mulika tochi kwa upande. Ukiona nyuzi kama za buibui ndani, hiyo ni kuvu, na inatoa asidi yenye inakula kioo, usingoje, ita fundi afungue. Kisha kila jioni ifunike, tena nguo safi, isiwe ile kitenge ya kufutia meza.

*Yaya, niko Bukavu. Tonometa yetu ya Schiøtz, ile ya kupima presha ya macho, sindano yake inabaki chini ku namba ndogo kwa kila mgonjwa, na ku hii mashine namba ndogo ni presha kubwa, tunaona watu wote wako na presha ya macho. Tufanye nini?*

Acheni kuitumia leo, tafadhali, na wale wote mliowaambia wana presha waiteni mupime upya, mtu anaweza kuanza dawa za glokoma za maisha yote juu ya chuma kichafu. Mu sanduku yake kuna kile kichuma cha duara cha kujaribia. Isimamishe pale juu, sindano inapaswa kuonyesha 0. Isipoonyesha, mara nyingi kile kijiti cha katikati kimeganda na machozi na dawa zilizokauka. Kitoe, safisha kijiti na tundu lake na alkoli, kausha vizuri kabisa mbele ya kugusa jicho la mtu, alkoli inaunguza. Kikiwa safi kinateleza chenyewe. Usitie mafuta hata tone. Na kama mko na tonometa mbili musichanganye vijiti, kila kimoja ni cha mashine yake. Sindano ikikataa bado 0 baada ya kusafisha, hiyo ni ya fundi.

*Oftalmoskopu, ile tochi ya kuangalia ndani ya jicho, iliachwa na mapile (betri) ndani, yamevuja, haiwaki.*

Toa mapile, chukua pamba ya masikio na ndimu kidogo au siki, futa ule unga mweupe, pitisha maji kidogo, kausha, halafu kwaruza chuma na gome ya mwanafunzi, ile ya kufutia penseli, mpaka king'ae. Mengi yanawaka tena. Na Ijumaa jioni mapile yakae nje.