Barua kwa mwanangu: kuhusu ile fupi na ile ndefu

Mwanangu,

Salaam aleikum. Swali lako nimelipata na nimeona kwenye simu sitalimaliza, wacha niandike. Umeniambia ile spidirani yako, yaani kuimaliza gemu kwa muda mfupi kabisa, ya ile gemu ya kuruka-ruka ya zamani, unayoitengeneza kwenye imyuleta, ile programu ya kompyuta inayoiga mashine ya gemu, fremu kwa fremu, yaani picha moja moja ya skrini, ukikosea unarudi nyuma unarekebisha, sasa unazo mbili mkononi na hujui utoe ipi. Moja ni fupi, dakika mbili na kidogo, unaivuruga memori ya gemu mpaka inajirukia yenyewe hadi mwisho. Nyingine ni ndefu, unapita leveli zote, na humo ndani umetia madoido ya kuchekesha watu ambayo yanakula sekunde kadhaa. Wenzako wamegawanyika, hawa wanakwambia saa ndo saa, wale wanasema video isiyotazamika ina faida gani. Ukaniuliza, "Mama, wewe ungekaa utazame ipi?"

Usidhani nitakuja na haraka haraka haina baraka, manake hapa haraka ndo kazi yenyewe. Lakini pia sitakwambia saa pekee basi.

Wewe umekulia kwenye hiki kibanda cha PS hapa Kisauni, unajua mimi pedi siishiki sana, mimi natazama watazamaji. Anayecheza analipia gemu yake lakini wale wanaosimama nyuma yake ndo wananunua viazi karai na juisi ya ukwaju, kwa hivo nimejua zamani kitu gani kinamfanya mtu asimame na kitu gani kinamfanya akumbuke kuwa alitumwa unga na mamake. Basi zile faili mbili ulizonitumia nilizitia kwenye flashi nikachomeka kwenye TV ile kubwa, Jumamosi alasiri, vijana wamejaa.

Nikaanza na fupi. Mchezaji anaenda, anaruka kidogo, anafanya vitu visivyoeleweka pale kwenye kona, kisha skrini inajaa takataka, vipande vya ukuta vinaelea juu juu, na ghafla majina ya waliotengeneza gemu yanapanda. Kimya. Halafu katoto kamoja kakaniambia, "Mama, TV yako imeharibika." Nikawaeleza vile ulivyonieleza wewe, kwamba gemu inaweka kwenye memori namba za kila kitu, adui yuko wapi, umebonyeza nini, na wewe umewapanga maadui pale kwenye kona makusudi ili gemu ikosee izisome zile namba kama amri za programu, izifuate. Sasa wakataka irudiwe, na safari hii wameisogelea TV mpaka nikawaambia rudini nyuma mtaiangusha. Walikuwa wanahesabu maadui pale kwenye kona, huyu wa kwanza, huyu wa pili, bado mmoja. Video ni ile ile, hukuongeza hata fremu moja ya kuwafurahisha.

Kwa hivo anayekwambia ile fupi inaboesha, mimi siafiki. Haieleweki tu, na hayo ni mambo mawili tofauti, la kwanza halina dawa na la pili dawa yake ni maneno machache kabla ya kuanza.

Ile ndefu ndo imenifunza zaidi. Kuna mahali pale mwanzo mwanzo amefika mlangoni na badala ya kuingia anaruka-ruka anacheza kama yuko harusini. Wewe ulidhani watacheka. Wakaniuliza "mbona haingii?" Kila mmoja aliona, hata wasiojua spidirani ni nini, kwamba mtu amefika na hapiti. Lakini ile sehemu ya lifti, ile inayopanda polepole na huwezi kuiharakisha kwa lolote, pale ulipomfanya aruke juu ya kila risasi na kumkosa adui kwa unywele, wallahi kibanda kilipiga kelele mpaka jirani akaja kuchungulia. Mbwembwe ni zile zile mwanangu, tofauti ni kwamba pale mlangoni muda ulikuwa wako ukaupoteza, na kwenye lifti muda haukuwa wako. Na mtazamaji anaijua tofauti hiyo bila kuambiwa.

Hili si geni, nenda katazame ile video ya mtu anaitwa Morimoto, spidirani ya gemu ya Super Mario Bros. 3 iliyozagaa mwaka 2003, ile ya dakika 11. Watu walishtuka kote duniani, wengi walidhani ni binadamu anacheza moja kwa moja, na walipojua imetengenezwa kwa imyuleta wengine wakakasirika kweli. Lakini kabla ya hasira waliitazama na hawakubanduka. Anafika dunia ya 8, lile fungu la mwisho, zile leveli za vifaru vya vita na meli ambazo skrini inajiendea yenyewe kwa mwendo wake na hakuna mtu wa kuisukuma, basi hapo ndo anacheza, anarukia hiki na kile anaokota maisha ambayo hayahitaji kabisa. Hapotezi kitu, na kwingine kote hagusi cha ziada.

Au chukua Super Mario Bros. ile ya 1985, wewe ndo ulinifunza hili na sikulisahau. Mashine ya gemu hiyo inaenda kama fremu 60 kwa sekunde, na gemu inakagua kama leveli imeisha kila baada ya fremu 21, yaani kama theluthi moja ya sekunde. Ni kama feri ya Likoni, ukiwahi ukakaa ng'ambo hii dakika kumi au ukaingia mbio lango linafungwa, mtavuka pamoja na mtafika pamoja. Ila leveli ya mwisho, 8-4, hapo hakuna kungojana, unagusa shoka imeisha, kila fremu inahesabika. Binadamu ameshashuka chini ya dakika 4 na sekunde 55 kwa gemu hiyo, mpaka imebaki kugombania vipande vya sekunde. Sasa ona raha iliyomo, kama umewahi fremu kumi kabla ya ile ya 21, hizo kumi ni zako, ruka, geuka nyuma, piga tofali, saa ya mwisho haitabadilika hata kidogo. Mtu anayesema kasi na burudani ni maadui hajaitazama gemu ile vizuri.

Hapo ndo nasimama mimi. Furahisha watu pale ambapo muda ni wa bure, na usinunue kicheko kwa fremu ambayo ungeweza kuiokoa. Manake kinachomshika mtazamaji ni kuamini kwamba huyu anayeenda hawezi kwenda haraka zaidi ya hapa. Ukimcheleweshea mlangoni mara moja tu, ile imani imetoka, na baada ya hapo hata ukifanya muujiza atajiuliza kama huu nao ni madoido.

Utaniambia mbona kuna zile ambazo zinatupa muda makusudi na watu wanazipenda. Zipo, na ni nzuri, lakini angalia zimeanzaje. Ile ya Brain Age ya Nintendo DS, gemu inauliza hesabu na wewe unaandika jibu kwa kalamu, basi aliyetengeneza anachora picha, picha nzima kabisa, na gemu inasoma ni namba na inakubali jibu ni sahihi. Hakuna aliyekuja pale kutazama saa na hakuna aliyedanganywa, imeitwa onyesho tangu mwanzo. Na kule Games Done Quick, ile mikutano ya watu wa spidirani, wanapochanga pesa za hisani, gemu ya Super Metroid ikifika mwisho sayari inataka kulipuka na saa inahesabu kurudi nyuma, kuna wale wanyama wamenaswa, ukipita kuwaokoa unapoteza sekunde, usipopita unaokoa sekunde. Basi wanaochanga ndo wanaamua kwa pesa zao, upande huu waokolewe, upande ule waachwe wafe tuokoe fremu, na ubishi unakuwa mkali mpaka dakika za mwisho. Hapo muda unapotea, ndio, lakini unapotea mbele ya macho ya kila mtu, bei yake imetajwa na wenyewe wameilipa.

Madoido yako ya mlangoni hayakutangazwa. Ndo shida yake. Kama unayapenda sana hayo, na najua unayapenda kwa sababu uliyahangaikia usiku mwingi, basi tengeneza ya tatu, iite onyesho, na humo cheza unavyotaka.

Sasa lile la kuogopa kwamba ile fupi itaiua ile ndefu. Ogopa kidogo, si sana. Ocarina of Time ilitoka 1998, gemu ya watu kukaa nayo wiki nzima, na siku hizi kwa ujanja wa memori kama huo wako inamalizwa chini ya dakika 10. Je, waliacha kuifanyia spidirani kwa njia nyingine? Waliweka kategoria, huyu anakimbia bila glichi, yaani bila kutumia kasoro za gemu, huyu asilimia 100, huyu lazima apigane na Ganon, yule adui mkuu. Super Mario 64 vilevile, inamalizika bila kuokota nyota hata moja, na bado watu wanakimbia nyota zote 120, zaidi ya saa moja na nusu wameshika pedi, na kuna watu wanakaa kutazama mpaka mwisho. Lakini hizo kategoria hazikushuka na mvua, kuna watu walikaa wakasema wazi hii hapa sheria yake ni hii. Kwa hivo na wewe andika sheria ya ile ndefu, kwamba memori haivurugwi, na kila leveli inapitwa.

Na wale wanaokwambia isiyofurahisha haifai kuwekwa kabisa, hao sikubaliani nao moyoni. TASVideos wenyewe, ile tovuti ya spidirani za imyuleta kama zako, miaka mingi walikuwa wanakataa kazi za watu kwa kuwa tu haziburudishi, mpaka 2012 wakafungua fungu lingine, Vault, la zile zilizo na kasi bila mvuto. Mimi naona walifanya haki. Mtu amekesha akaijua gemu mpaka mfupa, ukimwambia hujatuchekesha kwa hivo kazi yako haipo, hiyo si haki. Hata gemu mbovu ina mtu wake. Kuna ile Desert Bus ya 1995 ambayo haikuwahi kuuzwa, unaendesha basi kutoka Tucson hadi Las Vegas saa 8 nzima, mwendo hauzidi maili 45 kwa saa, na basi linavuta kulia kwa hivo huwezi hata kuachia pedi. Saa 8 ni safari ya Nairobi hiyo! Huko hakuna fremu ya kuokoa na hakuna mbwembwe za kutia, na bado tangu 2007 kuna watu wanaicheza kuchangisha pesa na wengine wanakesha nao.

Basi ungeniuliza tena ningetazama ipi, zote mbili, ila si kama zilivyo leo. Ile fupi usiiguse, itoe hivo hivo, ila mwanzo andika mistari michache, ukisema wale maadui watatu pale konani wanafanya kazi gani, au weka alama mtu ajue wapi atazame. Ile ndefu toa yale ya mlangoni yote, na kuna mengine mawili kama hayo kwenye leveli ya mapango, utayajua ukitazama, toa. Ya kwenye lifti acha, na yule bosi wa mwisho, adui mkubwa, ana ule muda wake wa kungojewa anapobadilika rangi, hapo sikuona umefanya kitu, mchezaji wako amesimama tu kama mlinzi wa benki, na huo muda ni wa bure.

Ukimaliza nitumie kabla ya Ijumaa, Jumamosi vijana wameshaanza kuuliza itarudi lini. Nduguyo anakusalimu, anataka umletee ile waya ya HDMI ndefu ukija, ya hapa inacheza cheza.

Mamako