Kabla hawajabonyeza, waulize kitatokea nini

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa kufundisha programu kwa mara ya kwanza, mwaka wangu wa kwanza nilipoteza muhula mzima kwa kosa moja, nami sipendi ulirudie. Nilikuwa naandika programu ubaoni, wanafunzi wanainakili kwenye mashine, inafanya kazi, tunafurahi wote. Siku nilipowapa karatasi yenye mistari sita ambayo hawajawahi kuiona, nikawauliza itatoa nini, kidato cha pili kizima kilikaa kimya. Kuchapa walijua. Kusoma programu sikuwa nimewafundisha.

Tangu hapo nina utaratibu ninaoushikilia kila kipindi: hakuna anayeendesha programu kabla hajaandika kwenye daftari anachotarajia kukiona. Aandike kwa kalamu, maana jibu la kichwani hubadilika kimyakimya mara skrini inapotoa kitu kingine, na mwanafunzi huapa kwamba alijua tangu mwanzo.

Jaribu na mistari hii miwili ya Python, lugha ya programu ninayoifundisha:

nauli = input("Nauli ni shilingi ngapi? ")
print(nauli * 2)

Waambie tunatafuta nauli ya daladala ya kwenda na kurudi, na waingize 600. Karibu wote wataandika 1200 kwenye daftari. Waache wabonyeze. Skrini itatoa 600600.

Hapo usikimbilie kueleza, hata kama kengele inakaribia. Darasani kwangu kijana mmoja alisema mashine yake ni mbovu, akahamia ya jirani, akakuta 600600 ileile. Binti mmoja ambaye sikuwahi kumsikia akijibu swali akaingiza neno "ndizi" mahali pa nauli, akapata ndizindizi. Akakaa kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, haioni namba, inaona maandishi." Amepatia. Chochote kinachoingia kupitia input, Python hukipokea kama maandishi, na maandishi yakizidishwa mara mbili hurudiwa mara mbili. Baada ya hapo int(nauli), inayogeuza maandishi kuwa namba, haikuhitaji maelezo marefu, kwa sababu walikuwa wameshaitafuta wenyewe.

Jambo la pili litakalokusumbua ni alama ya sawasawa. Wanafunzi wanatoka kwenye kipindi cha hisabati, wanakuja kwako wanakuta deni = deni + 500, wanakwambia haiwezekani, na kwa hisabati yao wako sahihi. Vitabu vingi husema jina kama hilo deni ni kama sanduku la kuwekea thamani. Mimi mfano huo nimeuacha, kwa sababu sanduku hubeba vitu vingi kwa pamoja, na wapo wanaoamini kuwa deni la zamani bado limo humo ndani. Natumia daftari la mangi wa dukani: anaangalia deni lako la jana, anajumlisha la leo, anafuta la zamani na kuandika jipya. Wazoeshe kusoma mstari kuanzia kulia: kokotoa kwanza, kisha andika juu ya lililokuwepo.

Sasa mashine. Kama maabara yako ina kompyuta za zamani zenye Windows 7, usihangaike na Python mpya kabisa, haitakubali. Toleo la mwisho linalofanya kazi humo ni 3.8. Lipakue mahali penye intaneti, liweke kwenye flashi, usakinishe mashine moja moja, nawe uwe umezijaribu zote kabla ya siku ya kipindi. Inakuja na IDLE, dirisha la kuandikia na kuendeshea programu, ndani yake, na kwa kuanzia inatosha.

Lakini toleo hilo lina tabia moja ambayo lazima uijue. Mwanafunzi akisahau kufunga mabano kwenye mstari wa 7, mara nyingi Python 3.8 itamwonyesha kosa kwenye mstari wa 8. Matoleo ya kuanzia 3.10 yanasema wazi kwamba mabano hayakufungwa. Hili la zamani linalalamikia pale liliposhindwa kuendelea. Nimeona mtoto akiufuta na kuuandika upya mstari wa 8 ambao haukuwa na tatizo lolote, mara nne, hadi macho yakajaa machozi. Wafundishe mapema: soma mstari wa mwisho wa ujumbe, tafuta namba ya mstari, na usipoona kosa hapo panda mstari mmoja juu. Ujumbe wenyewe ni wa Kiingereza, na wa kidato cha kwanza wengi wametoka shule za msingi walikosoma kwa Kiswahili. Waruhusu waueleze kwa Kiswahili chao. Istilahi za mtihani wataziandika kwa Kiingereza, ila kufikiri wafikiri kwa lugha wanayoimudu.

Na mwanafunzi akikwama, usishike kibodi yake. Najua una wanafunzi arobaini na mikono kumi na mitano iko juu. Ukirekebisha wewe, ataandika kosa hilohilo wiki ijayo na mkono utainuka tena. Muulize: "Ulitarajia nini? Umepata nini?" Mara nyingi, akiwa katikati ya kujibu, anaona mwenyewe.

Wakikaa wawili au watatu kwenye mashine moja, mwenye kompyuta nyumbani ataishika kibodi na wenzake watakuwa watazamaji hadi kidato cha nne. Weka kanuni kwamba anayechapa haamui; anayeamua kinachoandikwa ni aliyekaa pembeni. Wabadilishane kila baada ya dakika kumi, na saa uiangalie wewe. Mabinti wengi darasani kwangu walianza kusikika kwa njia hii.

Umeme ukikatika usiwaachie kipindi. Andika ubaoni kitanzi hiki, yaani maagizo yanayorudiwa:

jumla = 0
for i in range(1, 5):
    jumla = jumla + i
print(jumla)

Mwite mwanafunzi mmoja awe i, mwingine awe jumla, kila mmoja na chaki na dasta kwenye kona yake ya ubao. Wa tatu awe mashine: anasoma mstari mmoja mmoja kwa sauti na kuwaamuru wafute na kuandika. Darasa lisilozoea litadai jibu ni 15, kwa kuwa linaiona 5 pale, ilhali range(1, 5) huishia 4 na jibu ni 10. Acha watakaosimama na 15 waandike 15, na watakaosimama na 10 waandike 10, kwenye madaftari yao, pamoja na tarehe. Umeme ukirudi, hata kama ni kesho yake, waendeshe mistari ileile na walinganishe.