Kabla hujaandika barua ya kuacha udaktari

Barua yangu ya kuacha kazi niliiandika saa kumi alfajiri, nikiwa daktari tarajali, yaani daktari mpya anayefanya kazi chini ya usimamizi, mwenye miezi minane tu wodini. Nilikuwa nimekesha na mama aliyevuja damu baada ya kujifungua. Mkono mmoja unamkanda tumbo ili mfuko wa uzazi ujikaze, nesi anaongeza oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko huo, kwenye dripu, mkono wa pili unampigia simu daktari aliyekuwa juu yangu. Simu iliita mpaka ikakata. Mara saba. Mama alipona, lakini mimi nilikuwa nimeshaamua: udaktari basi.

Barua sikuipeleka. Nesi yule, mtu mzima, aliniuliza, "Mwanangu, unaacha udaktari au unaiacha hospitali hii?" Nikakosa jibu.

Swali hilo sasa nawauliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaoniambia wataenda ng'ambo, au watahamia kwenye utafiti au kazi za ofisini. Siwapingi. Kuhama si usaliti, na wapo ambao kweli wodi si mahali pao. Ila uchovu wa mwaka wa utarajali usiachiwe ukuamulie maisha yako yote.

Kituo changu cha pili kilikuwa kidogo, mbali na mji, mshahara uleule. Usiku wa kwanza nilipopata mgonjwa mahututi, daktari bingwa alifika na kandambili, vifungo vya shati vimepishana. Hakunisukuma pembeni. Alisimama begani kwangu akinielekeza taratibu mpaka nikamaliza mwenyewe. Pale nilikaa miaka sita.

Kwa hiyo ukitafuta kituo, ulizia kwanza nani hupokea simu saa nane za usiku. Usimuulize mkurugenzi, waulize madaktari tarajali waliopo, wakati wa chai. Waulize pia wa mwaka jana wako wapi. Wakitazamana kabla ya kujibu, umeshajibiwa. Na ukipewa ufadhili wenye masharti ya kutumikia, soma kifungu kwa kifungu: ni miaka mingapi, utadaiwa nini ukiondoka mapema, utaruhusiwa lini kwenda kusomea ubingwa. Mwenzangu alisaini akiwa na furaha ya kulipiwa ada, akaja kugundua kwamba ubingwa alioutamani ungemsubiri hadi amalize miaka yote.

Nanyi mnaoongoza hospitali, hili halihitaji kubuniwa upya. Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo ya kuwabakiza wahudumu vijijini mwaka 2010, likayahuisha 2021: wachukuliwe wanafunzi waliokulia vijijini, wafundishwe hukohuko, wapewe nyumba nzuri, njia ya kupanda cheo na wakubwa wa kuwasaidia. Mshahara umo, lakini hauko peke yake. Kijana anayeachwa peke yake na damu sakafuni hamtambakiza kwa posho.

Siku hizi mimi ndiye ninayepigiwa. Simu naiweka kando ya mto, sauti juu kabisa.